Kutoka katuni hadi filamu fupi: kupiga picha Kisumu

Anza na haki. Kwa sheria ya Kenya, hakimiliki ya mchoro hudumu maisha yote ya mchoraji na miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo pata ruhusa ya maandishi kabla ya kugusa mswada wa filamu. Ahadi ya mdomo haitoshi.

Usidhani kila kisanduku cha katuni ni shoti moja, yaani kipande kimoja cha picha kinachorekodiwa bila kukatizwa. Kisanduku huonyesha kilele cha tendo tu; kamera inataka mwanzo na mwisho wake pia. Maneno ya kwenye viputo yapunguze karibu nusu, maana mengi yanaeleza kile ambacho uso wa mwigizaji utakionyesha.

Mavazi ndiyo huharibu kazi nyingi. Rangi kali iliyopendeza karatasini, ikija kwenye satini inayong'aa, inageuka nguo ya sherehe ya watoto. Nunua pamba au jinzi ya mtumba sokoni Kibuye, itie rangi iliyofifia kuliko ya mchoro, ifue mara tatu, kisha kwaruza viwiko kwa msasa. Umbo lisiguswe: kofia, mabega, mwendo. Mhusika hutambulika kwa kivuli chake kabla ya rangi.

Ufukweni Dunga, piga picha kabla ya saa nne asubuhi. Adhuhuri jua liko utosini na macho yanazama gizani. Alasiri upepo wa ziwa unavuruga sauti, hata maikrofoni ikivishwa manyoya. Ndani ya nyumba, weka fremu (picha) 25 kwa sekunde na shata, yaani muda wa kamera kupokea mwanga kwa kila fremu, sekunde 1/50: umeme wetu ni hezi 50 (mizunguko 50 kwa sekunde), na shata isiyolingana nao huleta mistari inayotembea chini ya taa za tyubu.