Miaka 80 na Siku Moja: Ya Kupanga Kabla ya Kuongeza Mkataba wa Fleti England

Mtu akikuambia amenunua fleti London au Birmingham, mara nyingi alichonunua hasa ni muda. Fleti ni yake kwa miaka iliyoandikwa kwenye mkataba wa pango la muda mrefu. Miaka hiyo ikiisha, inamrudia mwenye ardhi. Ndivyo zilivyo fleti nyingi za England na Wales. (Scotland hawana shida hii, fleti ya huko kwa kawaida unaimiliki moja kwa moja.) Sheria inakupa haki ya kuongeza miaka, ila haki hiyo inalipiwa, na kadiri unavyokaa kimya ndivyo bei inavyopanda. Haya ndiyo ya kuweka sawa kabla hujamwandikia mwenye ardhi hata mstari mmoja.

Anza kwa kuhesabu, na uhesabu kutoka kwenye hati yenyewe, usitegemee kumbukumbu. Nakala ya rekodi ya umiliki inapatikana kwenye tovuti ya HM Land Registry, ofisi ya serikali ya usajili wa ardhi, kwa pauni 7, na nakala ya mkataba wenyewe unaweza kuiagiza huko huko. Tafuta tarehe ambayo miaka ilianza kuhesabiwa. Hapo ndipo wengi hujikwaa: miaka haianzi siku uliyonunua, bali siku iliyotajwa kwenye mkataba wa mwanzo kabisa, na huenda siku hiyo ikawa kabla hata jengo halijakamilika. Mkataba wa miaka 99 ulioanza tarehe 24 Juni 1988 unaisha Juni 2087. Aliyenunua fleti hiyo mwaka 2012 hakupata miaka 99. Alipata 75, hata kama tangazo la dalali lilikuwa na picha nzuri kiasi gani. Nimewasikia watu wakitaja miaka ya mkataba wao kwa uhakika kabisa, kumbe wanataja ile iliyoandikwa siku ya kwanza, siyo iliyobaki.

Ukishapata idadi iliyobaki, ilinganishe na namba moja: 80.

Chini ya sheria ya mwaka 1993 inayowahusu wenye fleti, unapoongeza mkataba unapata miaka 90 juu ya ile iliyobaki, na kodi ya kiwanja, yaani pango unalomlipa mwenye ardhi, inashuka hadi sifuri. Kwa lugha ya mawakili wa huko, kodi inakuwa punje moja ya pilipili manga kwa mwaka, nayo hakuna anayekuja kuidai. Malipo ya kupata haya yote yanajengwa kwa vipande. Kimoja ni fidia ya kodi ambayo mwenye ardhi hataipokea tena. Kingine ni fidia ya kucheleweshewa fleti: angerudishiwa baada ya, tuseme, miaka 79, sasa atangoja 169. Cha tatu wamekiita thamani ya ndoa, na hicho ndicho kinachouma. Hoja yao ni kwamba fleti yenye mkataba mrefu ina thamani kubwa kuliko haki yako na haki ya mwenye ardhi zikihesabiwa kila moja peke yake, kwa hiyo ziada inayotokea haki hizo zinapounganishwa lazima igawanywe nusu kwa nusu. Kama miaka iliyobaki inazidi 80, sheria inasema ziada hiyo ihesabiwe kuwa sifuri. Ikiwa 80 kamili au pungufu, unagawana.

Tuone kwa hesabu. Chukua fleti ambayo ikiwa na mkataba mrefu ingeuzwa pauni 300,000, na tuiache kodi ya kiwanja pembeni ili hesabu iwe nyepesi. Thamani ya leo ya fleti ambayo mwenye ardhi ataipata baadaye hupunguzwa kwa asilimia 5 kwa kila mwaka wa kungoja, kiwango kilichotokana na kesi ya uthamini iitwayo Sportelli na ambacho wathamini wa fleti hukitumia kama kawaida. Ikiwa imebaki miaka 81, fidia ya mwenye ardhi ni takriban pauni 5,700. Ikiwa imebaki 79, fidia hiyo inapanda hadi takriban 6,300 tu. Lakini sasa ndoa imeingia. Tuseme kwa miaka hiyo 79 soko lingekupa pauni 282,000. Tofauti na 300,000 ni 18,000. Toa ile fidia ya 6,300, ziada inayogawanywa ni kama pauni 11,700, na nusu yake unailipa wewe. Jumla imefika karibu pauni 12,100. Ni miaka miwili tu, na gharama imezidi mara mbili.

Siku inayohesabiwa ni siku notisi yako, yaani barua rasmi ya kisheria ya kudai nyongeza, inapotolewa kwa mwenye ardhi. Siyo siku mtakayokubaliana, wala siku ya kusaini. Mwenye miaka 80 na wiki tatu bado ana nafasi, ila hana wiki ya kupoteza akilinganisha bei za mawakili. Mwenye 83 au 84 aanze sasa, kwa sababu maandalizi hula miezi bila kelele. Na mwenye 72 asikate tamaa akadhani treni imeshaondoka. Haki yake ipo pale pale, ila ajue kila mwaka una bei yake, tena wakopeshaji wengi huanza kusitasita mkataba unapofupika, na mnunuzi anayehitaji mkopo akikataliwa na benki, ndiyo basi.

Sasa mjue mwenye ardhi ni nani. Linasikika rahisi. Anayekutumia bili ya ada ya huduma mara nyingi ni kampuni ya usimamizi tu, na kumwandikia huyo hakukusaidii kitu. Kati yako na mwenye ardhi halisi anaweza kuwepo mtu mwingine mwenye mkataba wa jengo zima, na notisi inatakiwa imfikie yule ambaye haki yake ni ndefu kiasi cha kuweza kukupa hiyo miaka 90 ya ziada, huku wengine waliotajwa kwenye mkataba wakipata nakala. Ukikosea hapa notisi inaweza kubatilika. Wapo pia wenye ardhi wasiojulikana walipo. Hilo halikuzuii: mahakama inaweza kutoa amri ya kusaini kwa niaba yake, ila ongeza muda na gharama kwenye mpango wako. Kama ilikuwa kampuni na imefutwa kwenye daftari la makampuni, mali yake kwa kawaida huangukia kwa Taji, yaani dola, kwa hiyo barua zako zitaelekea kwa mawakili wa Taji.

Na kama unaambiwa una hisa ya ardhi yenyewe pamoja na majirani, bado soma mkataba wako. Hisa haiongezi hata siku moja. Inakurahisishia tu kuongeza, kwa kuwa mnaoombana ni nyinyi wenyewe.

Tafuta mthamini kabla ya wakili, au angalau kwa wakati mmoja. Wengi hufanya kinyume. Umtafute anayefanya kazi hii ya kuongeza mikataba mara kwa mara, siyo yule wa kukagua nyufa na unyevu. Mwombe akupe kiwango, chini na juu, na akushauri bei ya kuandika kwenye notisi. Bei hiyo si ya mzaha: ukiandika ya kuchekesha, notisi yenyewe inaweza kupingwa. Tena ipo faida ya kuandika bei ya maana, nayo ni kwamba mwenye ardhi akishindwa kujibu kwa wakati unaweza kwenda mahakamani na kupewa mkataba kwa masharti uliyoyapendekeza wewe. Hutokea, japo usiipangie bajeti.

Kabla mthamini hajaja, tafuta risiti zako za maboresho. Sheria inasema ongezeko la thamani lililotokana na maboresho uliyoyalipia wewe, au aliyeishi hapo kabla yako chini ya mkataba huo huo, halihesabiwi dhidi yako. Jiko jipya la kawaida halitabadili mengi, lakini dari iliyogeuzwa chumba au mfumo wa kupasha joto uliowekwa pasipokuwa na kitu ni habari nyingine. Picha za kabla na baada, ankara ya fundi, barua za ruhusa, vyote viwekwe kwenye faili moja. Ukigundua kwamba ukuta ulibomolewa bila ruhusa ya mwenye ardhi, mwambie wakili wako kwanza, maana mthamini wa upande wa pili ana haki ya kuingia kukagua na ukuta uliotoweka ataona haupo.

Fedha sasa. Utalipa malipo yenyewe, wakili wako na mthamini wako. Chini ya utaratibu wa 1993 unalipa pia gharama za kuridhisha za wakili na mthamini wa mwenye ardhi katika kuishughulikia notisi, jambo ambalo watu hulisikia kwa mara ya kwanza na kudhani ni utani. Mkifika kwenye baraza linaloamua bei mkishindwa kuelewana, gharama za mwenye ardhi za kule ni zake mwenyewe. Baada ya kutoa notisi anaweza kukudai amana ya asilimia 10 ya bei uliyopendekeza au pauni 250, kubwa kati ya hizo, kwa hiyo pesa hiyo iwe tayari. Malimbikizo ya kodi na ada ya huduma yataletwa mezani siku ya kukamilisha. Yalipe mapema, au yapinge mapema.

Katikati ya haya yote huenda ikaja barua tamu. Mwenye ardhi atakuambia hakuna haja ya notisi wala mawakili wengi, tuongeze kirafiki, bei nafuu, tumalize mwezi ujao. Wakati mwingine ni kweli. Lakini soma anachokupa. Pengine ni kurudisha tu mkataba kwenye miaka 99 au 125, siyo kuongeza 90. Kwa makubaliano ya hiari, sheria ya kodi ya kiwanja ya mwaka 2022 inamruhusu aendelee kudai kodi ya zamani kwa ile miaka iliyokuwa imebaki. Sifuri inaanzia kwenye miaka ya nyongeza. Ikiwa kodi yako ni pauni 250 na inajirudufu kila baada ya miaka 10, basi baada ya miaka 50 ni pauni 8,000 kwa mwaka. Unafuu wa leo unaweza kuwa ndio huo. Jambo jingine ni kwamba mazungumzo ya kirafiki hayasimamishi saa. Ukiwa na miaka 80 na miezi minne, mtu anayekujibu taratibu sana kwa maneno matamu sana ana sababu zake. Toa notisi kwanza, urafiki uendelee baadaye.

Notisi ikishatoka, kalenda ndiyo bosi. Mwenye ardhi anapewa angalau miezi 2 ya kujibu. Akijibu na bei yake, mnajadiliana. Msipoelewana, baada ya miezi 2 tangu jibu lake na kabla ya miezi 6 kutimia ni lazima uombe First-tier Tribunal, baraza linaloamua bei na masharti. Wengi hupatana kabla ya kusikilizwa, lakini ombi lazima liwepo. Miezi 6 ikipita bila ombi, notisi inahesabiwa kuwa imeondolewa: unalipa gharama za mwenye ardhi mpaka siku hiyo na unasubiri miezi 12 kabla ya kutoa nyingine. Mwenye miaka 80 na miezi mitano hapo anavuka mpaka akiwa kizuizini. Hata mkishakubaliana kila kitu kuna muda wa kukamilisha, nao ukipita bila kusaini inabidi ukimbilie mahakamani. Ziandike tarehe hizi mwenyewe, zisibaki kwenye kompyuta ya wakili peke yake.

Kwa anayenunua au kuuza, jambo moja limebadilika. Zamani ulipaswa kuwa umemiliki fleti kwa miaka 2 ndipo udai. Sharti hilo liliondolewa tarehe 31 Januari 2025. Mnunuzi anaweza kudai mara tu anaposajiliwa. Lakini usajili wenyewe huchukua muda, kwa hiyo kama fleti iko jirani na 80, mtake muuzaji atoe notisi kabla na akuhamishie pamoja na mkataba wa fleti, siku ile ile. Visipohamishwa pamoja, notisi inakufa.

Swali linaloulizwa sana ni kama ni bora kusubiri. Sheria iliyopitishwa tarehe 24 Mei 2024 inaahidi miaka 990 badala ya 90, na inafuta thamani ya ndoa. Vifungu hivyo vya bei havikuanza kutumika siku sheria ilipopita. Vinahitaji kanuni zaidi, na wenye ardhi walivipeleka Mahakama Kuu, ambako walishindwa Oktoba 2025. Mtazamo wangu ni huu: mwenye miaka 95 hana haraka, angoje. Mwenye 81 anacheza kamari, kwa sababu akivuka mpaka kabla vifungu havijaanza atalipa ndoa ambayo angeikwepa. Mwenye 68 ambaye hauzi wala hakopi ana sababu nzuri kuliko wote ya kungoja, maana ndoa yake ni kubwa na ikifutwa ataokoa nyingi. Ila akiwa anataka kuhama mwaka huu, sheria ijayo haimsaidii. Leasehold Advisory Service, shirika linalofadhiliwa na serikali, hutoa ushauri wa bure. Wapigie kabla ya kuamua.

Mwisho, mjulishe anayekukopesha mapema, na mkataba mpya ukishasainiwa hakikisha wakili ameupeleka kusajiliwa. Kisheria huo ni mkataba mwingine unaochukua nafasi ya ule wa zamani. Miezi michache baadaye lipa tena zile pauni 7, vuta rekodi, uone kama tarehe mpya imeingia.