Kabla Hujaketi na Kijana Aliyekata Tamaa

Njiwa ndio walionizindua. Kijana wa jirani yetu hapa Majengo, Mombasa, alikuwa akiwafuga juu ya paa, akiwajua mmoja mmoja kwa rangi ya shingo. Jioni moja nikamkuta anawagawa, jozi hii kwa huyu, jozi ile kwa yule. Nikadhani amekua. Kumbe alikuwa anaaga, akiwaza kujiua. Nyanyake aliona nisichokiona mimi, na leo kijana yuko nasi, alhamdulillahi.

Kwa hiyo kabla ya maneno, tazama. Mara nyingi kijana aliyekata tamaa hatalia mbele yako. Atafoka kwa jambo dogo, atalala mchana kutwa, ataihama maskani aliyoizoea, atagawa kitu alichokuwa akikipenda. Mwingine atashinda na muguka mdomoni, yale majani ya kulevya, ataonja unga, yaani heroini, au atakopa kwa simu acheze kamari. Sisi wazazi huona utundu tu, tukatoa kiboko. Mimi naamini wengi wao wanatafuta cha kutuliza maumivu wasiyojua kuyataja.

Chagua na mahali. Usimkabili mbele ya wadogo zake, wala siku matokeo ya mtihani wa KCSE yametoka na wajomba wanapiga simu kuuliza gredi. Nendeni Mama Ngina, mnunue mihogo ya kukaanga, mkae mkitazama meli zinavyoingia bandari ya Kilindini. Macho yakielekea baharini, ulimi hulegea.

Swali lenyewe liandae mapema, maana ndilo gumu: "Mwanangu, umewahi kuwaza kujiua?" Liulize hivyo hivyo, bila kuzunguka. Wengi huogopa kwamba watamtia wazo kichwani. Sivyo, wataalamu wa afya ya akili wanasema kuuliza waziwazi hakumtii wazo hilo, na huweza kumpa nafuu. Akijibu, nyamaza usikilize. Usianze na "mbona wenzako", wala usikimbilie kumwambia ni dhambi. Mawaidha yana wakati wake, si usiku huo.

Kabla ya siku hiyo, dawa na sumu zote za nyumbani zifungiwe asikoweza kufika. Hifadhi namba hizi kwenye simu: 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, 1192 ya NACADA kwa mambo ya ulevi na dawa za kulevya, na 116 kwa walio chini ya miaka 18. Hazilipishwi. Kwa aliyezama kwenye unga, Kisauni kuna kliniki ya methadoni, dawa ya kumsaidia kuacha heroini. Na usiogope kumpeleka hospitali kwa hofu ya polisi: Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka Katiba.

Akikwambia ndiyo, asiachwe peke yake hata kidogo. Nyanya yule alitandika mkeka wake mlangoni pa chumba cha mjukuu, akalala hapo hadi adhana ya alfajiri, kisha wakapanda tuktuk pamoja kwenda kumwona daktari.