Kuchora mbwa kwa penseli: manyoya yafuate mwili

Mbwa wa mwongozo huu ni wa kwetu, jike wa kienyeji mwenye rangi ya udongo. Nimemchagua kwa kuwa manyoya mafupi ni magumu kuchora kuliko marefu: hayafichi kosa, kila mfupa wa uso unaonekana.

Andaa penseli nne: 2H, HB, 2B na 6B. Ndani ya penseli kuna grafaiti iliyochanganywa na udongo wa mfinyanzi. Udongo ukizidi, penseli huwa ngumu na mstari hafifu (H). Grafaiti ikizidi, huwa laini na nyeusi (B). Karatasi iwe ya gramu 160 kwa mita ya mraba au zaidi, maana ile ya fotokopi huchakaa ukifuta mara mbili tatu. Tafuta pia raba ya kufinyanga, na biki iliyokwisha wino.

Hatua ya 1: Picha. Mpige picha asubuhi akiwa mlangoni, mwanga ukitoka upande mmoja. Chuchumaa, simu ilingane na macho yake. Usitumie flashi, itayafanya macho yang'ae na utakosa cha kuchora.

Hatua ya 2: Umbo. Kwa 2H, bila kukandamiza, chora duara la kichwa na boksi fupi la mdomo. Pitisha mstari wa katikati kutoka kwenye paji hadi puani. Pima kwa penseli: kati ya macho mawili panaingia jicho moja, au moja na nusu? Kisha geuza karatasi juu chini. Jicho lililopanda kuliko mwenzake utaliona papo hapo.

Hatua ya 3: Jicho. Hapa usiwe na haraka. Kwanza zungushia lile doa la mwanga na uliache jeupe mpaka mwisho. Jaza mboni kwa 6B, tabaka juu ya tabaka. Sehemu ya kahawia iwe nzito upande wa juu, ipungue ikishuka, kwa sababu ukope wa juu unaitupia kivuli. Bila kivuli hicho jicho hutokeza kama gololi. Ukingo wa chini una unyevu, kwa hiyo acha uzi mwembamba wa weupe.

Hatua ya 4: Sharubu. Zichore sasa, kabla ya manyoya, kwa ile biki isiyo na wino. Kandamiza kiasi cha kuacha mfereji kwenye karatasi. Penseli ikipita juu yake baadaye, mfereji unabaki mweupe.

Hatua ya 5: Manyoya. Mchoro wangu wa kwanza niliuharibu hapa: nilivuta manyoya yote kwenda chini, akaonekana kama ametoka mvuani. Mshike mbwa wako, mpapase uso, vidole vitakuonyesha. Juu ya pua manyoya yanarudi nyuma kuelekea machoni, kati ya macho yanapanda kwenye paji, mashavuni yanakwenda masikioni, shingoni yanashuka. Chora mishale hiyo kwenye karatasi nyingine uwe unaitazama.

Anza na HB iliyochongwa vizuri. Gusa, vuta milimita tatu hivi, inua mkono ili ncha iishie hewani. Penye kivuli ongeza 2B, hasa chini ya taya na nyuma ya shavu. Penye mwanga, finyanga raba iwe na ncha, uinue grafaiti kidogo kidogo. Usisugue kwa kidole, mafuta ya ngozi huacha madoa, na chini ya kiganja weka karatasi safi.

Pua haina manyoya. Ijaze viduara vidogo vya 2B, tundu zake 6B, juu acha mng'ao.

Mwisho ni masikio. Wa kwetu ana kipara kidogo kwenye ncha ya sikio la kushoto, palipoliwa na nzi. Sikizibi. Nazungushia vinyweleo vitatu vinne, natia tarehe pembeni, na nyumbani kila mtu anajua ni yeye.