Kabla hujashika kisu: maandalizi ya kukuza seli kutoka kwenye tishu

Tishu ikishakatwa, damu haiifikii tena, na seli zake zinaanza kufa huku wewe ukipekua droo kutafuta mkasi. Kwa hiyo mpangilio wangu ni huu: mnyama aletwe mwisho, kila kitu kingine kikiwa tayari mezani.

Kibali kinatangulia. Kamati ya maadili ipitishe matumizi ya mnyama na namna atakavyouawa bila mateso. Tishu ikiwa ya binadamu, iwepo ridhaa ya mwenyewe kwa maandishi. Tishu ya binadamu ishughulikiwe kana kwamba ina virusi vya UKIMWI na homa ya ini, hata kama aliyetoa anaonekana mzima. Hapo hutumii meza inayopuliza hewa safi kuelekea kifuani kwako, maana hiyo inalinda seli na kukuacha wewe. Tumia kabati la usalama wa kibayolojia la daraja la pili. Liwashe mapema hewa itulie, ulifute kwa spiriti ya asilimia 70. Ya asilimia 95 inakauka haraka mno, na bila maji ya kutosha haiui vizuri.

Inkubeta, yaani kabati la joto la kukuzia seli, iwashwe tangu jana yake: nyuzi 37, kaboni dioksidi asilimia 5, na maji safi kwenye trei ili lishe, kioevu ambamo seli hukua, isikauke. Weka kipimajoto chako ndani, usitegemee tarakimu za mlangoni peke yake. Na geji ya mtungi wa gesi uitazame Ijumaa, si Jumatatu. Mimi sikuitazama, nikakuta chupa zote zimegeuka rangi ya zambarau. Rangi nyekundu ya fenoli iliyomo kwenye lishe inakwambia hali: ikielekea njano kuna asidi nyingi, mara nyingi kwa sababu ya bakteria au seli kujaa, ikielekea zambarau, gesi imepungua na bikaboneti imepandisha pH.

Sasa vimeng'enya vya kuachanisha seli, ambapo wengi huharibu kazi. Tishu laini, kama kiinitete cha kuku cha siku 9 hadi 11, inaachana vizuri kwa tripsini ya asilimia 0.25. Tishu yenye nyuzi nyingi, kama ngozi, inahitaji kolajinesi, kimeng'enya kinachokata nyuzi hizo. Usivichukulie kuwa kitu kimoja. Tripsini huzimwa na seramu, yaani majimaji ya damu yasiyo na chembe, kwa hiyo tishu isuuzwe mpaka seramu iishe, na kwa chumvi bafa (maji ya chumvi yanayoshikilia pH) isiyo na kalsiamu wala magnesi, kwa sababu madini hayo ndiyo yanayosaidia seli kushikana. Kolajinesi, kinyume chake, haifanyi kazi bila kalsiamu. Nimeona mtu akisuuza kwa EDTA, kemikali inayonasa kalsiamu, akamimina kolajinesi juu yake, kisha akalalamika kwamba dawa imeharibika.

Andaa visu viwili vilivyochemshwa kwa mvuke. Katakata kwa kuvipishanisha kama mkasi mpaka vipande vifike milimita 1 hivi, mimina kimeng'enya chako, na utaona kioevu kikianza kuwa na ukungu. Kikigeuka ute unaovutika kwenye ncha ya pipeti, hiyo ni DNA ya seli zilizopasuka. Usivute kwa nguvu zaidi, utapasua nyingine. Ongeza kimeng'enya cha kukata DNA, ambacho ulipaswa kukiyeyusha tangu asubuhi. Chungulia kwa hadubini kila baada ya dakika chache. Seli zikishaanza kuachana, mimina lishe yenye seramu ya ndama asilimia 10 kusimamisha tripsini, kisha chuja kwa wavu wa mikroni 70 au 100.

Kuna njia isiyohitaji kimeng'enya: kubandika vipande vyenyewe chini ya chombo na kusubiri seli zitambae nje. Ross Harrison alikuza nyuzi za neva za chura namna hiyo mwaka 1907, ndani ya tone la limfu. Ukiichagua, lishe iwe kidogo sana mwanzoni, la sivyo vipande vitaelea.

Antibiotiki ni za kusaidia tu. Penisilini uniti 100 na streptomaisini mikrogramu 100 kwa mililita inatosha kwa tishu safi. Utumbo na ngozi vioshwe mara kadhaa kwa kipimo cha juu zaidi pamoja na dawa ya kuvu. Lakini maikoplazma, bakteria wadogo mno, haina ukuta wa seli, hivyo penisilini haiigusi. Haionekani kwa hadubini ya kawaida, na inaweza kupenya chujio la mikroni 0.22. Kipimo chake kipangwe mapema, na seli mpya zikae peke yake hadi majibu yatoke.

Weka karibu rangi ya buluu ya tripani na kioo cha kuhesabia seli. Seli zilizokufa zitaingia buluu. Andaa pia mirija ya kugandishia na DMSO, kioevu kinacholinda seli zisipasuliwe na barafu, kwa kuwa seli za kawaida za binadamu hugawanyika mara 40 hadi 60 hivi kisha husimama. Usisubiri zizeeke ndipo uzigandishe.

Andika kila chupa kabla ya kuijaza: mnyama, kiungo, tarehe, kizazi (seli zimehamishiwa chupa mpya mara ngapi). Tumia kalamu ambayo spiriti haifuti. Kisha zikishaingia inkubeta, usizitikise kwa saa 24 za mwanzo. Zikishashika chini ndipo unamwaga lishe ya kwanza pamoja na chembe za damu na mizoga ya seli.