Kuzima gari nako kuna namna yake, hasa kama ina turbo

Kuwasha gari kila mtu ana ushauri wake, ila kuzima hakuna anayejali, mtu anafika mbio, anakanyaga breki, anazungusha ufunguo, mlango pwaa, kashaondoka. Kama gari yako haina turbo, kile kifaa kinachozungushwa na moshi wa injini ili kiisukumie hewa zaidi, na ulikuwa unaiendesha polepole wala haina neno, nisikutishe bure. Ishu ni pale umetoka kuikamua.

Turbo ina shafti inayoweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, hiyo shafti inaelea kwenye oili ya injini, na upande mmoja inapigwa na moshi wa moto kweli, kwenye injini ya petroli unaweza kupita nyuzi 800. Sasa pampu ya oili inazungushwa na injini. Ukizima ghafla umetoka kupandisha mlima na mzigo, pampu inasimama papo hapo, shafti bado inamalizia mizunguko yake, joto la kwenye chuma halina wa kuliondoa, na ile oili kidogo iliyobaki inaungua inakuwa masizi magumu. Siku ya kwanza hutaona kitu, hata mwezi hutaona, ndo maana watu hawaamini. Ila masizi yanajazana, kinjia cha oili kinaziba, bering zinalika, unakuja kushtuka gari inatoa moshi wa bluu na kupiga mluzi ukiongeza mafuta, hapo fundi anakwambia turbo imekwenda.

Dawa yake rahisi mno, dakika tano za mwisho za safari endesha kiungwana, resi ndogo, usivute kwa nguvu, basi ukifika gari ishajipoza yenyewe na unaweza kuzima hapo hapo. Kama umetoka barabara kuu spidi kubwa moja kwa moja ukaingia kupaki, iache silensa, yaani injini inaunguruma tu bila kukanyaga mafuta, dakika moja au mbili. Magari mengi ya sasa turbo yake inapozwa na maji pia, mengine yana pampu ya umeme inayoendelea kuzungusha maji hata ukishazima, kwa hiyo hatari imepungua, ila mimi bado nasubiri tu, sipotezi kitu. Usije ukaiacha dakika ishirini eti unaipoza, silensa ndefu nayo inaleta masizi na petroli inaweza kuchanganyika na oili.

Halafu kuna wale wa kupiga resi moja ya kuagana, vruum, ndo anazima. Sijui nani alituloga. Kwenye gari ya injekta haina faida yoyote, na kama ina turbo umeichangamsha shafti halafu ukaikatia oili sekunde hiyo hiyo.

Wenye dizeli zenye DPF, lile chujio la masizi, ukifika ukaona silensa iko juu kuliko kawaida, feni inavuma na kuna harufu ya kuungua, huenda gari inachoma masizi yake. Ukiweza zunguka nayo kidogo imalize. Ukiikatisha kila mara chujio linaziba na dizeli inashuka kwenye oili, ukipima unakuta oili imepanda badala ya kupungua.

Gari za auto sasa, hapa wengi tunakosea. Ukisimama usikimbilie P (ya kupaki). Kanyaga breki, weka N (nyutro), vuta hendibreki, achia breki ya mguu gari ikae kwenye hendibreki, kisha kanyaga tena uweke P ndo uzime. Ukiweka P kwanza kwenye mteremko uzito wote unabebwa na kijino kimoja kidogo ndani ya geaboksi, ule mlio wa "kang" asubuhi ukitoa P ndo huo. Manyuali kwenye mlima iache kwenye gia pamoja na hendibreki.

AC zima dakika chache kabla hujafika, acha feni ipulize, unyevu ukauke, ile harufu ya uvundo itapungua sana.

Kuwasha gari ya baridi uisogeze mita tano halafu uzime pia si kuzuri, maji na mafuta yanabaki ndani hayajapata joto la kukauka, ukifanya hivyo kila siku oili inachoka mapema na plagi zinalowa. Na usizime ikiwa inatembea eti unabana mafuta kwenye mteremko, sapoti ya breki inaisha baada ya kukanyaga mara chache, stelingi inakuwa nzito na inaweza hata kujifunga.

Mambo yote ya kusubiri hayahusu taa nyekundu ya oili. Ikiwaka, simama pembeni pa salama uzime hapo hapo, hakuna cha silensa wala nini.

Ukishazima ukasikia feni bado inazunguka au chuma kinalia tik tik usipaniki, ni joto tu linatoka. Kama unataka kupima oili subiri kama dakika kumi hivi, gari ikiwa kwenye tambarare, na mfuniko wa redieta usiuguse mpaka injini ipoe kabisa.