Kupiga sauti za tahadhari za Windows kutoka ndani ya programu yako

Programu yako ikihitaji kumshtua mtumiaji, usihangaike kubeba faili la .wav. Windows ina sauti zake za kazi hiyo, na huenda mwenye kompyuta ameshazibadilisha au kuzizima kwa sababu anazozijua mwenyewe. Wewe taja aina ya tukio tu, sauti mwachie yeye.

Kwa C# mistari miwili inatosha:

using System.Media;
SystemSounds.Exclamation.Play();

Sauti ziko tano: Asterisk ya taarifa, Exclamation ya onyo, Hand ya hitilafu kubwa, Question ya swali na Beep ya mlio wa kawaida. Question iepuke. Kwenye mpangilio wa kawaida wa Windows 10 haijawekewa sauti, hivyo kodi itapita vizuri, hakuna kosa litakaloonyeshwa, na hutasikia kitu. Watu hutafuta kosa kwenye kodi isiyo na kosa.

Miradi ya WinForms na WPF inalo darasa hili tayari. Programu ya konsoli ya .NET 6 au zaidi itakataa kulitambua hadi uongeze kifurushi:

dotnet add package System.Windows.Extensions

Kwa C au C++, ita MessageBeep(MB_ICONWARNING) baada ya kuweka windows.h na kuunganisha user32.lib. SystemSounds nayo huishia kuita fanksheni hiyohiyo. Namba zake ni 0x10 kwa hitilafu, 0x20 kwa swali, 0x30 kwa onyo na 0x40 kwa taarifa. Python kwenye Windows huja na moduli ya winsound, hakuna cha kusakinisha:

import winsound
winsound.MessageBeep(winsound.MB_ICONEXCLAMATION)

Ukiwa na kisanduku cha ujumbe, usiongeze sauti juu yake. MessageBox yenye ikoni ya onyo hulia yenyewe inapofunguka. Ukiita na Exclamation, mlio unaweza kujirudia. Vilevile usiweke mwito ndani ya kitanzi. Unapokagua mistari 200 ya data, kusanya makosa yote kwanza, kisha piga sauti mara moja mwishoni.

MessageBeep haisimamishi programu: huiweka sauti kwenye foleni, kodi ikaendelea. PlaySound, fanksheni nyingine ya kupiga sauti, ni tofauti. Bila SND_ASYNC (chaguo la kuiambia isingoje) hungoja sauti iishe, na dirisha lako litaganda muda huo wote. Ukiweka SND_ASYNC kisha programu ikafungwa papo hapo, sauti hukatika kabla haijasikika:

winsound.PlaySound("SystemHand", winsound.SND_ALIAS | winsound.SND_ASYNC)

Console.Beep(800, 200) nayo hungoja milisekunde zote 200, na haifuati kabisa chaguo la sauti la mtumiaji. Kwenye programu yenye madirisha haifai.

Kimya kikizidi, anza na mipangilio kabla ya kugusa kodi. Bonyeza Windows pamoja na R, andika mmsys.cpl, fungua kichupo cha Sounds. Humo Hand huitwa Critical Stop na Beep huitwa Default Beep. Chagua tukio, bonyeza Test. Likisema (None) kwenye sehemu ya sauti, basi halina sauti. Kisha angalia kiwango cha System Sounds kwenye volume mixer, maana kinaweza kuwa sifuri huku muziki unasikika vizuri. Sauti hizi zikiitwa na huduma ya nyuma (service), kwa kawaida hazitasikika hata ukiwasha kila kitu: tangu Windows Vista huduma hukaa kwenye kipindi (session) namba 0, mbali na mtumiaji aliyeingia. Huduma itume taarifa kwa programu inayoendeshwa na mtumiaji, sauti ipigwe huko.

Na kwa kuwa wapo wasiosikia na wapo walionyamazisha spika ofisini, ita pia FlashWindowEx ili kitufe cha programu kimemeteke kwenye upau wa kazi.