Kuisoma Oliver Twist hatua kwa hatua bila kukwama Sura ya 2

Mwongozo huu ni wa msomaji ambaye Kiingereza si lugha yake ya kwanza, na ana riwaya hii ya Charles Dickens mezani kwa ajili ya mtihani, darasa la fasihi au kwa kupenda tu kusoma. Wengi huianza kwa hamu kisha wakaiweka chini kabla ya kumaliza sura tatu. Kinachowaangusha si msamiati, maana kamusi ipo. Wanaangushwa na kumwamini msimulizi pale anapokejeli. Ndiyo maana hatua ya tatu hapa chini imekuwa ndefu kuliko zote. Ukiielewa hiyo, nyingine zitakuja zenyewe.

Hatua ya 1: Hakikisha unacho kitabu kizima

Nenda mwishoni uangalie idadi ya sura. Zikiwa 53, unacho kizima. Zikiwa ishirini au thelathini, hilo ni toleo lililofupishwa; liweke kando, hata kama ni la kuonja tu. Wafupishaji hukata kwanza maneno ya msimulizi na kubakiza matukio, na humo kwenye maneno ya msimulizi ndimo ulimo utamu na hasira yote ya kitabu. Matini kamili yanapatikana bure Project Gutenberg, na LibriVox wana usomaji wa sauti wa bure pia.

Kwa sura za mwanzo napendelea karatasi, na sina shaka na hilo. Utahitaji penseli, mistari, miduara na maelezo pembeni, na simu haikupi nafasi hiyo. Kama huna uwezo wa kununua kitabu, chapisha Sura ya 1 hadi ya 3 peke yake, zilizobaki zisomee kwenye simu.

Hatua ya 2: Ijue sheria ya 1834 kwanza

Riwaya ilianza kutoka Februari 1837, sehemu kwa sehemu, katika jarida la kila mwezi liitwalo Bentley's Miscellany. Dickens alikuwa na miaka 25. Sehemu ya mwisho ilitoka Aprili 1839. Miaka mitatu kabla haijaanza, Bunge la Uingereza lilikuwa limepitisha sheria mpya ya maskini, na sura za mwanzo zinaipiga sheria hiyo moja kwa moja. Andika mambo manne kwenye kipande cha karatasi, ukiweke ndani ya kitabu:

- Zamani parokia iliweza kumsaidia maskini akiwa nyumbani kwake, kwa mkate au fedha kidogo. Sheria mpya ilitaka mwenye nguvu za kufanya kazi asipate msaada mpaka aingie katika nyumba ya kazi ya maskini.
- Maisha ya humo yalitakiwa yawe mabaya kuliko ya kibarua wa chini kabisa aliye nje, ili watu wasiikimbilie.
- Mume alitenganishwa na mkewe, na wazazi wakatenganishwa na watoto.
- Mzigo wa mtoto wa nje ya ndoa uliegemezwa kwa mama.

Hilo la nne utalikuta mapema. Katika Sura ya 1 daktari anauinua mkono wa kushoto wa mama aliyekufa baada ya kumzaa Oliver, mtoto ambaye riwaya inamfuata, anatikisa kichwa na kusema ni hadithi ileile ya siku zote, pete ya ndoa haipo. Asiyeijua sheria hupita hapo kama anapita barabara tupu.

Kuhusu maisha ya mwandishi, jambo moja latosha. Mwaka 1824, akiwa na miaka 12, Dickens alifanya kazi katika kiwanda cha dawa ya viatu London huku baba yake amefungwa gereza la Marshalsea kwa deni. Wasomaji wa kwanza wa riwaya hawakulijua hilo. Lilikuja kujulikana kwa umma baada ya kifo chake mwaka 1870. Usilijaze insha nzima.

Hatua ya 3: Sura ya 2, polepole, penseli mkononi

Tenga jioni nzima kwa sura hii moja. Dickens hapa anamsifu mtu kwa kijembe, kama mipasho ya taarabu ambayo aliyelengwa anatajwa kwa sifa na kila aliyeketi ukumbini anajua amechomwa. Tatizo ni kwamba kijembe cha Kiswahili tunakisikia papo hapo kwa sauti na kwa macho ya msemaji, na cha Kiingereza cha 1837 kimelala kimya kwenye karatasi. Kwa hiyo tumia kanuni hii: katika sura hii sifa zinadanganya, vipimo vinasema kweli.

Fanya hivi kwa kila aya.

Kwanza tafuta kitenzi kikuu. Sentensi za Dickens zinaweza kufika maneno sitini au mia, zimeunganishwa kwa nuktamkato. Ziba kwa kidole kila kilichomo ndani ya mabano, usome sentensi bila hicho, kisha urudi. Usikiache moja kwa moja, kwa sababu mara nyingi mwiba umefichwa humo. Mfano ni pale bodi, yaani wajumbe wanaosimamia nyumba ya kazi, inapoweka kanuni kwamba maskini wote wana hiari ya kufa njaa taratibu wakiwa ndani ya nyumba au haraka wakiwa nje. Ndani ya mabano msimulizi anatuhakikishia kwamba wao hawamlazimishi mtu yeyote, hata kidogo.

Pili, pigia mstari kila neno la sifa: hekima, wema, ubinadamu, busara. Tatu, zungushia duara kila kipimo: idadi, bei, uzito, saa. Nne, iandike sentensi upya kwa Kiswahili bila sifa hata moja, ubakize tu nani alifanya nini na kwa kiasi gani.

Tujaribu kwa Mrs. Mann, mwanamke anayelea watoto wadogo wa parokia. Parokia inamlipa peni saba na nusu kwa wiki kwa kila mtoto (pauni moja ilikuwa shilingi 20, na shilingi moja peni 12). Msimulizi anasema fedha hizo ni nyingi, zinatosha kulijaza tumbo la mtoto hadi limsumbue. Anasema mama huyu ana hekima na uzoefu, anajua linalowafaa watoto, na analijua barabara linalomfaa yeye mwenyewe. Kisha anaongeza kwamba, kwa ukaidi wa mambo, katika kila kesi kumi, nane na nusu mtoto aliugua kwa njaa na baridi, au alianguka motoni kwa kutoangaliwa, au alikaribia kukosa pumzi kwa bahati mbaya.

Penseli yako itaonyesha mistari chini ya hekima na uzoefu, na miduara kwenye saba na nusu na nane na nusu. Sentensi yako mpya itakuwa: mwanamke alikula fedha za chakula, na karibu watoto wote waliokuwa mikononi mwake wakadhurika. Hiyo ndiyo habari. Sasa jiulize ni nani angeyasema yale maneno ya sifa kwa moyo mweupe. Ni wajumbe wa bodi. Msimulizi amevaa sauti yao ili tuisikie ilivyo, na hili la kuvaa sauti ndilo la kulitaja kwenye insha, maana kusema "Dickens anatumia kejeli" bila kuonyesha sauti ni ya nani hakukupi alama za maana.

Chakula nacho kipime vivyo hivyo. Maji hayana kikomo. Uji mwembamba ni mara tatu kwa siku, kitunguu mara mbili kwa wiki, na nusu ya mkate mdogo Jumapili. Kila mvulana hupata bakuli moja basi, ila siku za shangwe kubwa ya taifa huongezwa aunsi mbili na robo za mkate, yaani gramu zipatazo 64. Mabakuli hayakuhitaji kuoshwa, kwa sababu wavulana waliyasugua kwa vijiko mpaka yakang'aa. Hakuna neno la huruma humo, na hakuna haja.

Halafu tukio la kuomba uji zaidi. Hapa ndipo majibu mengi ya mtihani yanapoharibika, kwa sababu kila mtu anaijua picha ya mtoto na bakuli kabla ya kusoma kitabu. Oliver hakujitokeza kwa ushujaa, wala kwa ulafi. Wavulana walikuwa wamevumilia miezi mitatu ya njaa, mmoja wao mrefu akadokeza kwamba bila bakuli la pili anahofia usiku mmoja atamla anayelala jirani yake, wakapiga kura, kura ikamwangukia Oliver. Ukiandika kwamba Oliver ni mwasi, umeipoteza hoja: ombi ni la kundi zima, na adhabu inamwangukia mmoja. Mwangalie pia msimamizi anayeombwa. Ameelezwa kuwa mnene na mwenye afya. Neno hilo moja linasema uji wa wengine ulikokwenda.

Sasa tahadhari. Mwanafunzi akishaijua kejeli huanza kuiona kila mahali, na hilo nalo ni kosa. Rose Maylie anaposifiwa, kuanzia Sura ya 29, Dickens anamaanisha kila neno. Mauaji ya Nancy, msichana wa genge la wezi, katika Sura ya 47 hayana kejeli hata chembe. Mwanzo wa Sura ya 17, msimulizi anapolinganisha michezo ya jukwaani inayochanganya huzuni na vichekesho na nyama ya nguruwe yenye mistari ya mafuta, anazungumzia ufundi wake mwenyewe. Kipimo cha haraka ni hiki: sifa ikimwendea mwenye mamlaka juu ya maskini, ishuku. Ikimwendea mwingine, isome kwanza kama ilivyo.

Ukikwama kabisa, sikiliza aya hiyo kwenye LibriVox huku ukifuata kwa macho. Msomaji mzuri hubadilisha sauti penye kijembe.

Hatua ya 4: Chora ukoo mapema, hata kama unaharibu siri

Wengine watapinga, lakini kwa mwanafunzi siri haina faida. Bila mchoro huu, Monks anapotokea Sura ya 26 hutajua anatafuta nini.

Edwin Leeford, baba, alikuwa na mke waliyetengana naye. Mtoto wao ni Edward, ndiye Monks. Kisha akampenda Agnes Fleming. Mtoto wao ni Oliver. Rose ni mdogo wake Agnes, kwa hiyo ni mama mdogo wa Oliver. Mr. Brownlow alikuwa rafiki wa Leeford. Wosia wa baba ulimpa Oliver urithi kwa sharti kwamba asilitie jina lake doa la hadharani kabla ya kuwa mtu mzima. Ndiyo sababu Monks anataka Oliver awe mwizi. Kumuua tu kusingemfurahisha vile. Maelezo yote yamo Sura ya 49 na 51.

Hatua ya 5: Panga mwendo

Sura mbili kwa siku zinatosha. Ilitoka kwa vipande, kwa hiyo inavumilia kusomwa kwa vipande. Nenda polepole Sura ya 1 hadi 8, 39 hadi 40, na 46 hadi 52. Sura za kijijini kwa akina Maylie zipite upesi. Misimu ya wezi anayoitumia Artful Dodger, mvulana mchomoaji mifuko, usiitafute neno kwa neno. Shika maana ya jumla uende. Nancy haelezwi waziwazi kazi yake ndani ya hadithi. Dickens alisema kuwa ni kahaba katika dibaji ya 1841.

Hatua ya 6: Fagin, bila kukwepa

Katika sehemu kubwa ya kitabu Fagin, mzee anayewafundisha watoto wizi, anatajwa kama "Myahudi" mara nyingi kuliko kwa jina lake. Mwaka 1863 Eliza Davis, mwanamke Myahudi, alimwandikia Dickens kulalamika. Katika toleo la 1867 Dickens aliondoa mengi ya majina hayo, hasa katika sura za mwisho. Angalia kichwa cha Sura ya 52: kikisema usiku wa mwisho wa Fagin, una matini ya baadaye, kikisema wa Myahudi, una ya zamani. Taja toleo lako kwenye insha, na usimtetee Dickens kwa kusema eti zama zile hakuna aliyeona ubaya. Barua ile inakukatalia.

Hatua ya 7: Insha

Usitegemee filamu. Katika ile ya muziki ya 1968 Fagin anaondoka akiwa hai. Kitabuni anahukumiwa kunyongwa na tunamwacha katika gereza la Newgate.

Anza kila aya ya hoja na kipimo kimoja, kisha weka sifa iliyokaa karibu nacho, kisha sema sauti ni ya nani. Vya kukariri: peni saba na nusu, vitunguu viwili kwa wiki, aunsi mbili na robo, pauni tano ambazo bodi inampa yeyote atakayemchukua Oliver, na maili 70 za kwenda London, ambazo Oliver anazianza na kipande cha mkate, shati moja, jozi mbili za soksi na peni moja. Gramu na kilomita ziandike pembeni kwa ajili yako tu. Kwenye karatasi ya mtihani viache vipimo kama vilivyo kitabuni, na usijaribu kugeuza peni za 1837 ziwe shilingi za leo, kwa sababu msahihishaji atabishana na hesabu yako badala ya kuisoma hoja.